Yai Nyuma ya Goti

Nilizaliwa mguu wangu wa kushoto ukiwa na rangi yake. Kuanzia kwenye nyonga kushuka hadi karibu na kifundo, upande wa nje, ngozi ilikuwa ya zambarau iliyokolea, na juu ya rangi hiyo mishipa ilitokeza minene, imepindapinda. Mguu huo ulikuwa mrefu kidogo kuliko mwenzake. Haikuwa tofauti ya kumfanya mtu asimame njiani kunitazama, ila ilitosha fundi viatu wa Ruangwa kunigongomea kipande cha tairi chini ya ndala ya kulia kila nilipopata ndala mpya.

Kwetu Nkowe watu walishauzoea. Watoto wenzangu waliuliza tu kama unauma, nikiwajibu hauumi tunaendelea na mchezo. Wageni ndio waliomuuliza mama kama niliungua uji, naye aliwajibu kwamba ndiyo, niliungua uji, maana jibu hilo lilimaliza mazungumzo. Mimi mwenyewe niliamini hivyo hadi nilipofika darasa la tatu, siku shangazi, dada yake baba, aliponiambia kwamba hakuna uji wowote, nilitoka tumboni hivyohivyo.

Shangazi huyo ndiye aliyeshikilia kwamba nipelekwe kwa mganga mmoja wa Chunyu aliyekuwa akisifiwa kwa kuchanja miguu iliyovimba na kupaka dawa. Tulikwenda watatu, mama, shangazi na mimi. Mzee yule alinilaza kwenye mkeka, akafungua kitambaa chenye nyembe, akaupapasa mguu polepole kwa kiganja. Kisha akanisimamisha. Akanilaza tena, akanisimamisha tena. Alikuwa ameona kitu ambacho sisi hatukuwa tumekiona: kila niliposimama, nyuma ya goti palichomoza kiuvimbe laini kama yai la njiwa, na kila nilipolala na kuinua mguu, kilipotea. Akazifunga nyembe zake. Alimwambia mama kwa Kimwera maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi:

"Wembe wangu unajua ngozi. Hapa chini pana mto. Mrudishe mtoto."

Shangazi hakupendezwa, na njia nzima alisema mzee yule amezeeka na dawa zake zimekwisha nguvu. Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kwamba kuchanja mishipa ile kungeweza kunimaliza damu kabla hatujafika barabarani, nikatamani kurudi Chunyu kumshukuru yule mzee. Alikuwa ameshafariki. Nilimwombea dua, na hata sasa nikimkumbuka namwombea.

Kuanzia siku hiyo nikawa na yai langu. Nililizoea kama mtu anavyozoea jino lililopanda. Usiku kabla ya kulala nililibonyeza likaingia, asubuhi nikisimama likarudi. Nilisoma nalo, nikachezwa unyago nalo, na kungwi wangu aliponiona naoga alinifunga kanga hadi chini, akaniambia hilo ni la kwangu, si la kuwaonyesha wenzangu. Nikaenda chuo cha ualimu nalo, nikapangiwa shule ya msingi huko Chinongwe. Mwanamume aliyetaka kunioa nilimwonyesha mguu wangu kabla hajatuma washenga. Aliutazama, akaniuliza kama nitaweza kutembea naye hadi uzeeni. Nikamwambia nitajaribu. Hilo lilimtosha.

Nilizaa mara mbili. Kila mimba mguu ulivimba nikawa navaa kiatu cha mume wangu upande mmoja, na kila baada ya kuzaa ulipungua, ila yai halikurudi kuwa kama zamani. Lilitoka kuwa la njiwa likawa la kuku. Nilipofikisha miaka arobaini na moja, lilikuwa kama la bata.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda hospitali. Nimejiuliza hivyo mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu. Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mwenzangu, rafiki yangu, aliyeota uvimbe shingoni. Alikwenda kupima, akaambiwa ni saratani, na baada ya miezi michache tukamzika. Tangu hapo kila nilipopitisha mkono nyuma ya goti moyo ulishtuka, nami nikajiambia kwamba kitu nilichokaa nacho tangu utotoni hakiwezi kuwa kibaya. Nilivaa gauni refu, nikafundisha nimesimama vipindi vitatu, nikifika nyumbani nauegemeza mguu ukutani hadi unapopata wepesi.

Mwaka huo niliitwa kwenda Lindi kusahihisha mitihani. Tulikaa kwenye viti vya mbao siku kumi, tangu asubuhi hadi jioni, tukiinuka kwa chakula na swala tu. Siku ya nane shavu la mguu lilianza kukaza, kama mtu anayelikamua kwa ndani. Nikadhani ni uchovu. Niliporudi Chinongwe mguu ulikuwa umejaa, una joto, na yai lilikuwa limebadilika. Halikuwa laini tena. Nilipolala na kulibonyeza, halikuingia.

Sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa Nachingwea, anakofanya kazi ya kupokea korosho ghalani msimu unapofika, na sikutaka kumpigia simu kwa habari ya mguu ambao yeye na mimi tulikuwa tukiujua miaka yote. Jumamosi asubuhi nilikwenda shambani kuokota korosho.

Nilikuwa nimeinama chini ya mkorosho wa tatu au wa nne nilipohisi kitu kinanichoma ubavuni, upande wa kulia. Nikavuta pumzi, ikakatika katikati. Nikavuta tena, ikakatika. Moyo ulikwenda mbio kama nimekimbia, na mimi nilikuwa nimesimama tu. Niliketi juu ya majani makavu, nikakohoa, na kwenye kiganja nikaona mate yenye uzi wa damu. Nilitamka shahada. Sikuona njia nyingine mbele yangu.

Aliyenikuta ni jirani yetu mfugaji.

Huyu mtu alikuwa ametokea upande wa Ziwa miaka mitatu nyuma, na mke wake na ng'ombe wake, akajenga ng'ambo ya bonde letu. Mwezi wa sita ng'ombe hao waliingia kwenye ufuta wangu uliokuwa unakaribia kukatwa. Tuliitwa ofisi ya kijiji, akaomba radhi mbele ya mwenyekiti, tukapeana mikono, lakini mkono wangu ulikuwa wa baridi. Tangu siku hiyo tulipokutana njiani nilitazama upande wa pili. Yeye aliendelea kunisalimu. Mimi sikuitika.

Asubuhi hiyo alikuwa anapita na mkokoteni wake wa ng'ombe, amebeba mapipa mawili ya maji. Mwezi wa kumi kwetu maji yanafuatwa mbali, na kujaza mapipa mawili ni kazi ya nusu siku. Aliponiona alisimamisha ng'ombe, akaja akachuchumaa mbele yangu, akaona damu kiganjani. Hakuniuliza mengi. Alirudi kwenye mkokoteni, akayaangusha mapipa yote mawili chini, maji yakamwagika yakaenda na mchanga. Akatandika majani na shuka lake.

"Mwalimu, usiongee," alisema. "Pumua tu. Pumua kidogo kidogo."

Alinibeba kunipandisha. Sijui ni umbali gani hadi barabarani, maana kwa miguu nilikuwa nimeuzoea na siku hiyo haukuwa na mwisho. Yeye alitembea kando, mkono mmoja kwa ng'ombe, mwingine kwenye bega langu nisiegemee upande. Barabarani ilipita pikapu iliyojaa magunia ya korosho, inaelekea Nachingwea. Dereva aliposita, jirani yangu alizungumza naye kwa sauti ya chini, nikasikia tu neno mwalimu mara mbili. Ng'ombe wake aliwaacha kwa mama mmoja auzaye maandazi, akapanda pamoja nami juu ya magunia. Niliposhindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi, alinikalisha nikamwegemea. Kwa hiyo nilikwenda Nachingwea nimeegemea kifua cha mtu ambaye sikuwa nimemwitikia salamu tangu mwezi wa sita, na njia nzima nilisikia moyo wake ukipiga taratibu, nikajaribu kuufuata.

Hospitalini waliniwekea hewa ya oksijeni. Kuna wakati ambao siukumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni daktari, binti ambaye kwa umri wake huenda niliwahi kumfundisha, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, anapima miguu yangu yote miwili kwa utepe kama fundi cherehani. Aliuliza kama doa lile nilizaliwa nalo. Aliuliza kuhusu tofauti ya urefu. Akapitisha vidole nyuma ya goti, akavituliza hapo kidogo, kisha akaniuliza uvimbe ule nimekuwa nao tangu lini. Nikamwambia tangu nilipokuwa mtoto, na kwamba zamani ulikuwa ukiingia. Aliandika. Nilimtazama usoni nikitafuta ile sura ambayo madaktari walikuwa nayo kwa rafiki yangu, sikuiona. Niliona mtu ambaye amepata jibu la swali.

Wakanipeleka kwenye chumba cha ultrasaundi. Alinipaka ile dawa ya baridi kama ute, akapitisha kifaa nyuma ya goti, kisha akanigeuzia kioo ili na mimi nione. Alinionyesha mshipa unaorudisha damu kutoka mguuni kwenda kwenye moyo. Ulikuja mwembamba kutoka chini, halafu nyuma ya goti ukatanuka kama puto, halafu ukawa mwembamba tena. Ndani ya puto, upande mmoja ulikuwa mweusi. Upande wa pili kulikuwa na kitu cha kijivu, kimetulia.

"Huo mweusi ni damu inayotembea," alisema. "Hiki cha kijivu ni damu iliyoganda. Kipande chake kimekatika, kimepanda hadi kwenye pafu. Ndicho kilichokuchoma."

Nilimuuliza swali moja tu. Nilimuuliza kama ni saratani.

"Hapana, mwalimu. Si saratani. Ni mshipa ulioumbwa hivyo tangu ukiwa tumboni kwa mama. Ni nadra, mimi mwenyewe nimeusoma vitabuni, sijawahi kuuona. Lakini una dawa, na unatengenezeka."

Nililia pale juu ya kitanda chembamba, na machozi yakaingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala. Alidhani nimeogopa, akanishika mkono kunituliza. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa sijapumua vizuri tangu siku tuliyomzika rafiki yangu, na sasa, pafu likiwa limeziba upande mmoja, ndipo nilikuwa napumua.

Wakaanza kunichoma sindano za tumboni, chini ya ngozi, za kuzuia damu isiendelee kuganda. Mume wangu alifika kutoka ghalani, nguo zimejaa vumbi la magunia. Alipoingia wodini alimkuta mfugaji ameketi kwenye benchi, kofia mapajani, bado anasubiri kusikia kama nimeamka. Walizungumza nje, sikusikia walichosema. Mume wangu aliporudi aliniambia yule mtu amekataa hata chai, amesema ng'ombe wake wako barabarani.

Mama alikuja kesho yake kutoka Nkowe kwa bodaboda, chungu cha uji wa ulezi amekifunga kwenye kanga. Hakuniuliza chochote. Alinikalisha, akaninywesha, akanifuta mdomo kama mtoto. Lakini yeye mwenyewe hakula siku hiyo wala iliyofuata. Nilipomsihi alisema tumbo limejaa.

Siku ya tatu daktari alipopita, mama alisimama, akajifunga kanga vizuri, akamwambia ana swali. Kisha akanigeukia mimi kwanza, akaniomba nisimchukie. Mimi sikuelewa.

Alimweleza daktari kwamba alipokuwa na mimba yangu, tumbo likiwa la miezi saba, kulikuwa na unyago wa binti wa dada yake, na mkwewe, yaani bibi yangu mzaa baba, alimkataza kwenda. Yeye akaenda. Alipanda nyuma ya baiskeli ya baba, na kwenye korongo baiskeli ikateleza, akaangukia upande wa kushoto. Hakuumia sana, hakutoka damu. Lakini nilipozaliwa na mguu wa kushoto uko hivi, bibi hakusema neno mbele ya watu. Ila kila alipomletea mama mtoto wa kunyonyesha, alimweka mguu wa kushoto ukiwa juu, wazi, ili auone.

"Kila mara," mama alisema. "Mpaka ukaacha kunyonya."

Alikuwa anamweleza daktari lakini ananitazama mimi. Daktari aliweka faili kitandani.

"Mama, mishipa ya mguu inajengwa mwanzo kabisa wa mimba, wakati mwingine mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Ulipoanguka, mguu huu ulikuwa umeshakuwa hivi zamani."

"Hata nisingepanda baiskeli?"

"Hata ungelala kitandani miezi yote tisa."

Mama alimwomba arudie, na daktari akarudia, kwa maneno yaleyale, bila haraka. Akaongeza kwamba hakuna chakula, wala kazi, wala kosa la mtu linalojulikana kuleta jambo hili. Linatokea. Mama aliitika kwa kichwa mara nyingi. Daktari alipoondoka aliketi pembeni ya kitanda changu, mikono mapajani. Mimi nilikuwa nikihesabu miaka. Nilikuwa nimeishi na mguu wangu miaka arobaini na moja nikidhani mzigo ni wangu, kumbe wakati wote huo mimi nilibeba mguu tu. Nilimshika mkono, nikamwambia sijamchukia, na kwamba hata kama angekuwa ameniangusha kweli, nimefika. Akasema haya. Baadaye kidogo akauliza kama ule uji wa asubuhi umebaki. Ulikuwa umebaki na umepoa. Aliumaliza wote.

Nilikaa hospitalini wiki mbili, kisha nikaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge, na rufaa ya kwenda Dar es Salaam kuonana na daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa, bonge la damu likishatulia. Vidonge vile vilikuwa na masharti. Kila baada ya siku kadhaa nilikwenda Nachingwea kupimwa kama damu imekuwa nyepesi kupita kiasi au imebaki nzito. Nilikatazwa kuchanjwa, kunywa dawa za mitishamba, kujikwaa ovyo. Na kisamvu. Mama alipoambiwa kwamba mboga za majani zinapunguza nguvu ya dawa alifadhaika, maana kwetu usipokula kisamvu hujui utakula nini, lakini nesi alimfafanulia kwamba sikukatazwa kula, nilitakiwa nile kiasi kilekile kila wiki. Basi mama akahamia Chinongwe, akawa ananipimia kisamvu kwa kikombe cha plastiki, na mume wangu alipojisahau akaongeza upawa kwenye sahani yangu, mama aliurudisha chunguni.

Nikavaa pia soksi ya kubana, kuanzia vidoleni hadi pajani, katika joto la mwezi wa kumi na moja. Kuivaa kulihitaji watu wawili na subira ya asubuhi nzima. Wanafunzi wangu waliponiona mara ya kwanza waliniuliza kama nimejiunga na timu ya mpira.

Mimi na mume wangu tulivuka bonde kwenda kumshukuru jirani yetu. Tulipeleka mapipa mawili mapya na mbuzi. Jirani yetu alicheka alipomwona mbuzi, akasema amekuja kwa wenzake, na mapipa akayapokea. Mke wake alitutolea maziwa kwenye vibuyu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kusema, na yote yakaniponyoka. Nilimwambia tu kwamba naomba radhi kwa salamu zote nilizomnyima.

Akafikiri kidogo. "Lakini ng'ombe waliingia kweli, mwalimu," alisema. "Ufuta waliula."

Tulicheka wote, na mke wake, ambaye Kiswahili alikuwa bado anajifunza, aliomba atafsiriwe, naye akacheka kwa zamu yake.

Safari ya Dar es Salaam tulikwenda mwezi wa pili, mimi na mama. Mume wangu alibaki na watoto. Daktari bingwa alikuwa mtu wa maneno machache. Alinipiga picha za mishipa yote ya mguu, kwa sababu, alisema, wapo watu wenye mguu kama wangu ambao hawana kabisa mshipa mkubwa wa ndani, na ile minene ya nje ndiyo barabara yao pekee. Mtu akiikata, damu inakosa pa kupita. Tulisubiri majibu hayo siku mbili. Nilikaa na mama kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje na nikagundua kwamba naogopa kuliko nilivyoogopa juu ya magunia. Kule sikuwa na nafasi ya kufikiri. Mama alikuwa amejifunza kutumia kivuli cha nguzo kujua wakati wa swala, na kila ulipofika alinigusa bega twende.

Majibu yalionyesha mshipa wangu wa ndani upo. Ni mzima, ila hapo nyuma ya goti umetanuka. Alinieleza kwamba atapasua, ataondoa mabaki ya damu iliyoganda, atakata sehemu iliyozidi na kushona mshipa ubaki na upana wake wa kawaida. Mama, ambaye ujanani alishona nguo, alimuuliza kama ni sawa na kupunguza kiuno cha gauni. Akasema ni sawa kabisa, ila gauni hili halivuliwi.

Nilipozinduka kitu cha kwanza kilikuwa kiu. Cha pili, mkono wangu ulishuka wenyewe kwenda nyuma ya goti, kama ulivyokuwa umezoea kila siku tangu nikiwa na miaka tisa. Kulikuwa na bandeji, na chini ya bandeji palikuwa bapa. Nesi aliniondoa mkono kwa upole. Mama alisimama upande wa pili, akaniambia daktari ametoka sasa hivi, amesema imekwenda vizuri, damu inapita. Alilisema hilo la mwisho kwa tahadhari, kama mtu aliyetumwa neno na hataki kulipunguza: damu inapita.

Rangi ya zambarau imebaki. Mishipa ya nje imebaki pia, na nitavaa soksi maisha yangu yote, na vidonge nitavimeza kwa muda mrefu. Hayo yote niliambiwa kabla, sikudanganywa. Daktari alisema nikiyafuata naweza kuzeeka. Nilimkumbuka mume wangu, niliyekuwa nimemwambia nitajaribu, nikampigia simu. Hakupokea, alikuwa darasani kwenye kikao cha wazazi kwa niaba yangu. Alinipigia baadaye, na nilipomweleza nilisikia anapenga kamasi.

Tulirudi kwa basi. Sharti la daktari lilikuwa kwamba nisikae zaidi ya saa moja na nusu bila kushuka na kutembea. Mama alimfuata dereva kabla hatujaondoka, akamweleza kwamba mwanawe ameshonwa mshipa na lazima ashuke. Dereva alikubali, konda akakunja uso. Kituo cha kwanza tulishuka wawili tu, mimi na mama, tukatembea kando ya lami kwenda na kurudi, na abiria walitutazama madirishani, mmoja akauliza kwa sauti kama basi hili ni la kukodi. Baada ya daraja la Rufiji tulishuka tena. Wanaume watatu walishuka nao kujinyoosha. Nangurukuru walishuka karibu nusu ya basi. Bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Lindi alitembea nasi pole pole, akaniuliza kisa changu, nikamweleza. Alinionyesha miguu yake, akasema kila safari akifika hapo viatu huwa havimwingii, na leo vinaingia. Mingoyo, konda mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba wote wanaotaka kutembea na mwalimu washuke.

Tuliacha barabara kubwa pale Nanganga na kushika ya Ruangwa jua likiwa limeanza kuelekea magharibi. Mikorosho ilikuwa imeosheka kwa mvua. Mama alikuwa amelala, kichwa begani kwangu, mdomo wazi, na hakuamka hadi basi liliposimama stendi. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akakusanya mafurushi yetu yote mawili, akashuka na kutangulia kati ya watu kwenda kutafuta usafiri. Mimi nilishuka ngazi za basi peke yangu, mguu wa kushoto kwanza. Yeye hakugeuka nyuma kuuangalia.